Akaunti ya benki Ujerumani: haki ambayo wengi wetu hatuidai

Tangu Juni 19, 2016, sheria ya Ujerumani inaitaka kila benki inayohudumia watu wa kawaida imfungulie akaunti mtu yeyote anayeishi kihalali ndani ya Umoja wa Ulaya. Awe hana kazi, awe hana nyumba ya kudumu, awe mkimbizi ambaye ombi lake la hifadhi bado linasikilizwa, haki ni ile ile. Hata yule asiye na kibali cha kuishi lakini ambaye serikali haiwezi kumrudisha kwao ametajwa humo. Benki ikishapokea ombi lililojazwa sawasawa, ina siku 10 za kazi: impe mkataba, au imweleze kwa maandishi kwa nini imemkataa.

Naanza na sheria kwa makusudi. Kila ninapokaa na ndugu zetu waliofika Hamburg karibuni, wauguzi, wanafunzi, mabinti waliokuja kulea watoto kwa mwaka mmoja, nawasikia wakiizungumzia akaunti ya benki kana kwamba ni fadhila. Mtu amekwenda tawi la kwanza akaambiwa hapana, amekwenda la pili akaambiwa arudi na karatasi fulani, basi amekata tamaa na kuomba mshahara wake upitie kwenye akaunti ya rafiki. Hakuna aliyemwambia kwamba ile "hapana" ya mdomo pale dirishani haina uzito wowote mbele ya sheria. Inaniuma, maana wanaodhurika zaidi ni wale wasio na mtu wa kuwashika mkono.

Kuishi Ujerumani bila akaunti ni kuishi nusu. Mwajiri hakulipi kwa bahasha. Mwenye nyumba anataka kodi iingie yenyewe kila tarehe mosi. Bima ya afya, ambayo ni lazima kwa kila mtu, inakatwa kwenye mshahara au benki. Tiketi ya mwezi ya treni na mabasi kwa nchi nzima, iliyoanza Mei 2023, inauzwa kwa mkataba unaojiendesha kwa makato ya kila mwezi. Hata ada ya redio na televisheni ya umma, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, inakufuata kwa barua miezi michache baada ya kufika, na wanaoituma wanataka kulipwa kwa njia ya benki. Mgeni asiye na akaunti huchelewa kulipa, akichelewa hutozwa faini, na madeni hayo yakiachwa yakue huweza kuandikwa kwenye kumbukumbu za SCHUFA, kampuni inayotunza historia za madeni za wakazi wa nchi hii tangu 1927. Miaka miwili baadaye akitafuta nyumba, mwenye nyumba anataka karatasi ya SCHUFA. Ndivyo mambo ya wiki za mwanzo yanavyomsubiri mtu mbele.

Kinachotutatiza sana ni kwamba tunatoka mahali ambapo hela ilishaacha kutegemea benki. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Tanzania mwaka uliofuata, na leo kijana wa Mbagala au Kisumu anajua kwamba kupata mahali pa kuweka hela ni suala la kwenda kwa wakala, kutaja namba ya kitambulisho, kwa Tanzania na kuweka kidole kwenye mashine, kisha kusubiri ujumbe. Hakuna anayemuuliza anakaa nyumba namba ngapi. Tanzania yenyewe ilifanya operesheni kubwa ya anwani za makazi mwaka 2022 tu, na mpaka leo ukimwelekeza mtu kwako unataja msikiti, duka la dawa na mwembe. Utambulisho wetu uko kwenye simu na kwenye alama za vidole.

Ujerumani utambulisho uko kwenye anwani. Ukihamia mahali, una wiki mbili za kwenda ofisi ya serikali ya mtaa kujiandikisha. Wenyewe wanaita Anmeldung, na Waswahili wa huku nao wanasema "nimefanya Anmeldung" bila kutafuta neno jingine. Tangu Novemba 2015 huwezi kujiandikisha bila karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba au aliyekupangisha, inayothibitisha kwamba umeingia kweli. Ukishaandikishwa unapewa cheti cha ukurasa mmoja, na cheti hicho ndicho kila ofisi inakitaka baada ya pasipoti. Pia kinazaa namba ya kodi ya tarakimu 11, ambayo inakuja yenyewe kwa posta baada ya wiki kadhaa. Mwajiri anaitaka ili asikukate kodi ya daraja la juu kabisa, na benki nayo inaitaka, ingawa kwa kawaida inakubali uipeleke baadaye.

Hapa ndipo biashara mbaya inapoingia. Vyumba ni adimu, na wapangaji wengi wanapangisha wageni kimyakimya bila mwenye nyumba kujua, kwa hiyo wanaogopa kusaini karatasi. Mgeni anajikuta ana kitanda lakini hana anwani. Atatokea mtu wa kumuuzia: lipa kiasi fulani, nitakuandikisha kwangu, barua zako utakuja kuchukua. Usikubali. Kumpa mtu anwani ya kujiandikishia mahali asipoishi ni kosa ambalo faini yake inaweza kufika euro 50,000, na anayejiandikisha kwa uongo naye yumo kwenye kosa. Kama mwenye chumba hataki kusaini, chumba hicho kina bei ambayo hukuambiwa. Uliza kuhusu karatasi hiyo kabla ya kutoa amana.

Tuseme umeandikishwa na umejaza fomu ya benki. Sasa kuna jambo dogo ambalo limewanyima watu wengi kadi kuliko benki yoyote yenye roho mbaya: sanduku la barua. Majengo ya Kijerumani yana familia 10 au 20 chini ya paa moja, lakini kwa kawaida anwani haitaji namba ya chumba wala ghorofa. Inataja mtaa, namba ya jengo, na jina. Mtu wa posta akifika mlangoni anasoma majina kwenye masanduku yaliyopangwa ukutani, moja moja, na asipoliona jina lililo kwenye bahasha, bahasha inarudi ilikotoka. Kadi inakuja siku moja, namba ya siri siku nyingine, kwenye bahasha mbili tofauti, ili anayeiba moja asipate kitu. Kwa hiyo mgeni aliyepanga chumba kwa mtu mwenye jina la Kijerumani au la Kituruki anaweza kusubiri mwezi mzima huku benki ikiwa imeshatuma vyote na vimesharudi. Benki ikiona barua zinarudi, inadhani anwani ni ya uongo, na inaweza kuifunga akaunti kabla haijatumika. Dawa yake ni kipande cha karatasi na gundi: andika jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, ulibandike kwenye sanduku na kwenye kengele siku ile ile unayohamia. Kama aliyekupangisha hataki, basi kwenye fomu ya benki chini ya jina lako andika c/o ikifuatiwa na jina lililo kwenye sanduku.

Jina lenyewe nalo lina mambo yake. Wengi wetu tuna majina matatu: langu, la baba, la babu. Pasipoti inalichukua la mwisho na kuliweka kwenye nafasi ya jina la ukoo. Cheti cha shule kinaweza kuwa na mawili tu. Mkataba wa kazi ukaandikwa na karani aliyeligeuza la baba kuwa jina la ukoo. Nyumbani hayo hayana shida, kila mtu anajua ni wewe. Huku ni shida, na tangu Oktoba 9, 2025 imeongezeka, kwa sababu benki za nchi zinazotumia euro sasa zinalazimika kulinganisha jina la anayetumiwa na jina lililo kwenye akaunti kabla mtumaji hajaidhinisha malipo. Yakipishana, mtumaji anaonyeshwa onyo. Sheria hiyo ni nzuri, imekuja kuzuia matapeli, na ninaiunga mkono. Lakini inamaanisha kwamba siku ya kwanza ukienda kujiandikisha lazima uchague mpangilio mmoja wa majina yako, ule wa pasipoti, na uushike kila mahali: kwa mwenye nyumba, kazini, bima, benki. Soma cheti cha Anmeldung kabla ya kuondoka dirishani. Kosa la herufi moja likirekebishwa palepale ni dakika mbili. Likigunduliwa baadaye linataka miadi mingine, na Berlin miadi ya ofisi hizo inaweza kuchukua wiki kupatikana.

Kisha inakuja siku ya kuhakikiwa. Benki za mtandaoni zinakupigia simu ya video. Karani asiyekujua, mara nyingi akiwa mji mwingine kabisa, anakuambia uishike pasipoti mbele ya kamera, uiinamishe taratibu mpaka zile alama za kung'aa zionekane, upitishe kidole juu ya picha, usome namba kwa sauti, kisha utaje tarakimu zilizoingia kwenye simu yako. Mwanga wa chumba ukiwa hafifu, anakata. Intaneti ikikwama, mnaanza upya. Tena si kila pasipoti inakubalika kwenye mfumo huo, na mtu anaweza kupita hatua zote halafu mwishoni akaambiwa hati yake haiwezi kusomwa. Hilo likitokea, usichukulie kwamba benki imekukataa. Omba kuhakikiwa kwa njia ya posta: unapewa karatasi yenye alama ya mistari, unakwenda nayo kwenye dirisha la posta, ambalo siku hizi mara nyingi liko ndani ya duka la magazeti au la vifaa vya shule, na mhudumu anaitazama pasipoti yako kwa macho yake. Kwa anayetaka kuonana na mtu ana kwa ana tangu mwanzo, kuna tawi la benki.

Kuhusu simu ya video, nina onyo moja ambalo ningependa lifike kwa kila kijana anayetafuta kibarua. Kuna matangazo ya kazi za kukaa nyumbani, "kupima programu za benki," yenye malipo mazuri kwa saa. Unaambiwa kazi yako ni kujaribu mfumo wa uhakiki: piga simu ya video, onyesha pasipoti, fuata maelekezo, akaunti itafutwa jioni. Haifutwi. Ni akaunti halisi, iko kwa jina lako, na funguo zake anazo tapeli. Hela za watu walioibiwa zitapita humo, na polisi wakija watakuja kwako. Sheria ya makosa ya jinai ya Ujerumani, kifungu cha 261, inaadhibu utakatishaji wa fedha hata pale ambapo mtu hakujua lakini alizembea kupita kiasi. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka miwili. Kwa mgeni, kesi kama hiyo inaweza kugharimu kibali cha kuishi.

Hapo ndipo ninapotaka kuizungumzia akaunti ya rafiki, maana ndugu zetu wengi wanaiona kama jambo la kusaidiana, na nia kweli ni njema. Lakini hela iliyo kwenye akaunti ya mtu ni ya mtu huyo. Akiwa na deni, mdai wake anaweza kwenda mahakamani na kuizuia akaunti, na mshahara wako wa mwezi ukazuiwa humo pamoja na vyake. Akifariki, unabaki kuwaeleza ndugu zake na benki kwamba sehemu ya hela ile ni yako, huna hata karatasi moja. Mkigombana, hakuna pa kwenda. Na kwa upande wa rafiki, benki ikiona mishahara ya watu wawili kutoka kampuni tofauti inaingia kwake na kutoka siku hiyo hiyo, ina wajibu wa kutilia shaka, na sheria inaitaka itoe taarifa bila kumwambia. Waliofungiwa akaunti kwa wema wao wapo. Ukimpenda rafiki yako, mwache na akaunti yake, mwombe badala yake akusindikize benki.

Turudi kwenye haki yenyewe. Akaunti ninayoizungumzia inaitwa Basiskonto, akaunti ya msingi, na chimbuko lake ni agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2014 kuhusu akaunti za malipo. Inapokea mshahara, inalipa, inaruhusu makato ya kila mwezi, inatoa kadi, inatoa hela kwenye mashine. Haina mkopo wa kutumia zaidi ya ulichonacho, na kwa mtu anayeanza maisha hilo si hasara hata kidogo. Siri iko kwenye namna ya kuiomba. Ukiingia tawini na kusema unataka kufungua akaunti, mhudumu anafikiria bidhaa za kawaida za benki yake, na kwa hizo benki ina uhuru wa kuchagua wateja: anaweza kukuambia kibali chako ni kifupi, au SCHUFA haina habari zako. Ukisema Ich möchte ein Basiskonto beantragen, yaani nataka kuomba akaunti ya msingi, umebadilisha mazungumzo. Kuna fomu maalumu iliyoambatanishwa na sheria yenyewe. Unaweza kuichapa nyumbani, ukaijaza, ukaipeleka na nakala, ukaomba nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Siku 10 zinaanza kuhesabiwa hapo. Sema kwa utulivu na kwa heshima, ukitumia Sie kama wanavyotumia wao kwa mtu mzima wasiyemjua. Mhudumu wa dirishani mara nyingi hana ubaya, ni kwamba ombi la namna hiyo halimfikii kila siku.

Sababu za kukataa zimeorodheshwa na ni chache. Benki inaweza kukataa kama tayari una akaunti nyingine Ujerumani inayofanya kazi, kama umewahi kuhukumiwa katika miaka mitatu iliyopita kwa kosa la makusudi dhidi ya benki hiyo au watumishi wake, kama iliwahi kukufungia akaunti ya aina hii kwa kutolipa au kuitumia vibaya, au kama kukufungulia kungevunja sheria za utakatishaji wa fedha. Kutokuwa na kazi hakumo. Kutojua Kijerumani hakumo. Deni la SCHUFA halimo. Ikikukataa bila sababu hizo, au ikikaa kimya, kuna BaFin, mamlaka ya serikali inayosimamia sekta ya fedha, ambayo inaweza kuiamuru benki ikufungulie. Fomu ya kupeleka lalamiko hilo nayo ipo tayari, na benki inapokataa inatakiwa ikueleze njia hiyo.

Kuhusu ada, sheria inasema iwe ya wastani, na neno hilo limeshapimwa mahakamani. Juni 30, 2020, mahakama kuu ya shirikisho iliamua kwamba euro 8.99 kwa mwezi ambazo Deutsche Bank ilikuwa ikitoza kwa Basiskonto ni nyingi mno, kwa sababu benki haina ruhusa ya kuwabebesha wateja hao peke yao gharama za kuwahudumia. Kesi ilifunguliwa na umoja wa vyama vya kutetea walaji, ambavyo vina ofisi katika kila jimbo na vinatoa ushauri kwa ada ndogo. Wajerumani wenyewe wanavitumia sana. Sisi bado.

Benki gani? Sitamchagulia mtu, ila kuna historia ambayo inanifurahisha kila ninapopita mbele ya tawi lenye ile herufi S nyekundu. Benki za akiba za umma, Sparkasse, zina mizizi yake hapa Hamburg, mwaka 1778, katika mfuko ulioanzishwa ili watumishi wa ndani, vibarua wa kutwa na mabaharia wapate pa kuweka vijisenti vyao kwa usalama. Walengwa walikuwa watu kama sisi. Benki za ushirika nazo, Volksbank na Raiffeisenbank, zinatokana na fikra za karne ya 19 za Friedrich Wilhelm Raiffeisen na Hermann Schulze-Delitzsch, fikra ambazo zilisambaa dunia nzima na ambazo SACCOS zetu ni wajukuu zake. Mwalimu wa Moshi anayekopa kwenye SACCOS yake na mkulima wa Westerwald wamekunywa maji ya kisima kimoja. Benki hizi zina matawi, zina watu wa kuongea nao, na kwa kawaida ada zake ziko juu kidogo kuliko za benki za simu.

Benki za simu ni rahisi na nyingine hazina ada kabisa. Baadhi yake zimesajiliwa nchi nyingine za Ulaya, kwa hiyo namba ya akaunti inaanza na herufi za nchi hiyo badala ya DE. Waajiri na kampuni za simu wakati mwingine wanaikataa namba ya namna hiyo. Hawaruhusiwi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2012 kuhusu malipo ya euro inakataza kumlazimisha mtu awe na akaunti ya nchi fulani mradi iko ndani ya eneo la malipo hayo. Na amana zako, iwe benki ya tawini au ya simu yenye leseni ya Ulaya, zina kinga mpaka euro 100,000 benki ikianguka.

Wanafunzi wana mzigo wao peke yao. Kabla ya viza wanatakiwa kuonyesha kwamba wana hela za mwaka mzima kwenye akaunti iliyozuiwa: euro 11,904 kwa kiwango kilichoanza Septemba 2024. Ni zaidi ya shilingi milioni 30 za Tanzania, zaidi ya milioni moja na nusu za Kenya. Kuna familia zimeuza shamba kwa ajili ya namba hiyo. Hela inafunguliwa euro 992 kila mwezi, na watu wengi hawaelewi mpaka wafike kwamba haitoki mkononi: inahamishiwa kwenye akaunti ya kawaida ambayo mwanafunzi anatakiwa awe ameshaifungua. Kwa hiyo unamkuta kijana ana mamilioni yaliyofungiwa kwa jina lake na anakopa hela ya mkate. Mzazi anayesoma haya, mpe mtoto wako taslimu au kadi yenye hela za kumfikisha wiki sita, na umwambie suala la akaunti lianze siku ya kwanza, hata kabla ya masomo.

Nchi zetu nazo zimeathiri maswali tunayoulizwa. FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha, iliiweka Tanzania kwenye orodha yake ya kijivu Oktoba 2022 na kuiondoa Juni 2025. Kenya iliingizwa Februari 2024. Nchi ikiwa humo, benki za Ulaya zinachunguza zaidi hela zinazotoka huko. Mtu akiingiziwa kiasi kikubwa kutoka nyumbani ataulizwa kimetoka wapi. Jibu kwa karatasi: hati ya mauzo ya kiwanja, barua ya ufadhili, taarifa ya akaunti ya mzazi. Usikasirike na usitunge hadithi. Kuulizwa si kukataliwa, na haki ya akaunti iko palepale.

Ndugu zetu walioko Ghuba wanaishi hali nyingine kabisa. Kule akaunti huja kupitia mwajiri. Falme za Kiarabu zilianzisha mfumo wa kulipa mishahara kupitia benki mwaka 2009, na Saudi Arabia tangu Julai 2024 imeanza kuwataka waajiri wa wafanyakazi wa ndani wenye mikataba mipya walipe kwa njia za kielektroniki. Ni hatua njema, maana mshahara usiolipwa sasa unaonekana. Lakini kadi ikikaa kwenye droo ya bosi pamoja na namba ya siri, mfumo unaonyesha dada amelipwa na yeye hajashika kitu. Dada au kaka unayekwenda huko, kadi hiyo ishike mwenyewe, namba ya siri ibadilishe mwenyewe kwenye mashine, na ujumbe wa benki uingie kwenye simu yako.

Tukirudi Ujerumani: Septemba 13, 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi, mbele ya Rais Ruto na Kansela wa wakati huo, Scholz. Ulivuma uvumi wa nafasi 250,000, serikali ya Ujerumani ikakanusha kwamba makubaliano yana idadi yoyote. Hata hivyo watu wanakuja, na watazidi kuja. Wauguzi wanasomeshwa Kijerumani mpaka kiwango cha B2 ili wapate kibali cha kazi yao. Ningependa sana saa mbili tu za masomo hayo zitumike kujaza ile fomu ya Basiskonto darasani, pale Nairobi au Dar es Salaam, na kila mwanafunzi apande ndege akiwa nayo kwenye begi. Balozi zetu za Berlin zingeweza kuichapa pamoja na maelezo ya Kiswahili na kumpa kila anayejiandikisha. Na mwajiri wa Kijerumani aliyelipa mawakala na nauli kumleta muuguzi anaweza kumpa mtu wa kwenda naye benki asubuhi moja.

Faida inarudi mpaka kijijini. Benki Kuu ya Kenya ilihesabu takriban dola bilioni 4.9 zilizotumwa nyumbani na Wakenya walio nje mwaka 2024. Asiye na akaunti anapeleka taslimu kwenye duka la kutuma hela, ambako kwa kawaida anakatwa ada kubwa na kubadilishiwa kwa kiwango kibaya. Mwenye akaunti anatumia huduma ya simu yenye leseni, analinganisha ada, na hela inaingia kwenye M-Pesa ya mama kabla hajamaliza kuongea naye. Umoja wa Mataifa umeweka lengo kwamba ifikapo 2030 gharama ya kutuma isizidi asilimia 3. Bado tuko mbali, na Afrika kusini mwa Sahara ndiko ghali kuliko kote.

Anayeondoka Ujerumani moja kwa moja asiifunge akaunti uwanja wa ndege. Amana ya nyumba mara nyingi hurudishwa miezi kadhaa baada ya kuhama, na marejesho ya kodi ya mapato huchukua muda. Kisha kuna michango ya pensheni iliyokatwa kwenye mshahara: raia wa Kenya au Tanzania aliyechangia chini ya miezi 60 anaweza kuomba arudishiwe sehemu yake akiwa anaishi nje ya Umoja wa Ulaya, baada ya miezi 24 tangu wajibu wake wa kuchangia ukome, na mfuko wa pensheni unaweza kumlipa hata kwenye benki ya nyumbani. Ombi linataka namba ya pensheni, iliyo kwenye barua aliyopokea mwezi wake wa kwanza kazini, kwa hiyo barua hiyo isafiri naye.